Mwaka Niliopika Kwenye Manowari

Mwezi uliopita mabaharia wa meli yetu ya zamani walikutana Fort Worth, katika ukumbi wa hoteli iliyo kando ya barabara kuu. Kutoka kwangu Cedar Hill ni mwendo wa nusu saa tu kwa gari, lakini ilibaki kidogo nisiende. Nilivaa, nikavua, nikavaa tena. Binti yangu alikuwa amekaa kitandani kwangu akinitazama ninavyobadilisha mitandio, mwisho akachoka. "Mom, it's just dinner," akasema. Nilipofika niliwakuta wanaume wenye vitambi na wanawake waliokata nywele fupi kwa ajili ya mvi, watu niliowajua walipokuwa wanashuka ngazi za chuma bila kugusa vishikio. Tulikumbatiana, tukaonyeshana picha za watoto kwenye simu. Baada ya chakula Luteni Halloran, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea fimbo ingawa mimi bado namwita luteni, alisimama akasoma historia ya utumishi wa meli yetu wakati wa vita. Akasoma tulivyovuka Atlantiki na kupita mfereji wa Suez, tulivyoisindikiza meli ya kubebea ndege, tulivyolinda mitambo ya mafuta kaskazini mwa Ghuba, tulivyorusha makombora siku vita vya Iraq vilipoanza, na tulivyorudi wote salama. Kila alipopumzika watu walipiga makofi. Katikati ya hayo kulikuwa na sentensi moja inayosema kwamba meli yetu iliisimamisha na kuikagua meli ya mizigo iliyokataa kutii amri. Halloran aliinua macho akanitafuta kati ya meza, akaniona, akatabasamu, kisha akaendelea kusoma. Mimi keki ikanishinda. Nilitoka nje nikazunguka kwenye maegesho kati ya magari ya watu, na viatu mkononi, kwa sababu ile meli haikukataa kitu chochote. Mimi ndiye niliyezungumza nayo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeingia Marekani kwa bahati nasibu ya green card, nikakaa kwa mama mdogo wangu Arlington, katika nyumba ya kupanga yenye zulia la rangi ya mchanga na kiyoyozi kilichokuwa kikikohoa usiku kucha. Sikuwa na gari, na Arlington bila gari ni kama kufungiwa kabatini. Asubuhi mama mdogo alikwenda kazini hospitali, mimi nikabaki dirishani nikitazama magari yanavyopita, kila moja na mtu mmoja ndani, kila mtu na anakokwenda. Nilikuwa mtu wa kutotulia tangu zamani, lakini pale nilifikia kiwango cha kuhesabu maua ya pazia. Siku moja nilitembea kwa miguu, jua likiwa la kuunguza, hadi kwenye safu ya maduka penye duka la donati, na mlango uliofuata ulikuwa ofisi ya kuandikisha wanamaji. Niliingia kutafuta ubaridi wa kiyoyozi. Nilitoka nikiwa nimepewa soda, kofia, na ahadi ya kuiona dunia. Mama mdogo aliposikia alivua miwani yake akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Zuhura," akasema, "Tanga bahari ilikuwa mlangoni kwenu, hukuitaka. Umekuja kuitafuta Texas?"

"Mama mdogo, ni kazi tu. Watanipeleka chuo baadaye."

"Wana vita hao, mwanangu. Huoni taarifa ya habari?"

Niliiona. Kila jioni tuliiona wote wawili, sahani mapajani. Lakini katika umri ule nilidhani vita ni jambo linalowapata watu waliomo kwenye televisheni.

Walinifanya mpishi. Walinipeleka kwenye destroya, yaani manowari nyembamba yenye mbio, ambayo kazi yake ni kutangulia mbele ya meli kubwa na kuipokea hatari kabla haijawafikia wengine. Kwa nje ilikuwa ya kijivu na nzuri ya kutisha. Kwa ndani ilikuwa vichochoro vya chuma, mabomba juu ya kichwa, harufu ya mafuta ya dizeli, rangi mbichi na kahawa iliyoungua. Wanawake tulilala katika chumba kimoja kisicho na dirisha, vitanda vitatu vitatu kwenda juu, na pazia moja la buluu kati yako na dunia. Mimi nilikuwa wa katikati. Aliye juu yangu alikuwa akilia kwa kujizuia, aliye chini akisoma Biblia kwa kunong'ona, na nyuma ya ukuta maji ya bahari yalikwaruza usiku na mchana kama mtu anayetafuta pa kuingilia. Mkuu wa jiko alikuwa Mfilipino mmoja mfupi, mpana, Chifu Reyes, mtu aliyezoea kusema mambo mazito akiwa anatazama sufuria. Siku ya kwanza aliniona nikilisogeza sinia la nyama ya nguruwe kwa ncha za vidole. Kesho yake alinihamishia upande wa mikate na wali, nikabaki huko. Alinifundisha kupika wali wa watu mia tatu bila kuuunguza, na mimi nikamfundisha kutia iliki kwenye maandazi, ambayo mabaharia waliyaita donati za Mhina. Mhina ni jina la ukoo wangu. Hakuna aliyeweza kulitamka, lakini kila mtu aliyala maandazi.

Jikoni ni mahali pa kusikia. Watu waliopanga foleni na sahani husahau kwamba anayepakua ana masikio. Tulipopita Suez walikuwa wakizungumza juu ya wachumba na mpira. Tulipoingia Bahari ya Shamu walizungumza juu ya nyumbani. Tulipopita mlango wa Hormuz, huku watu wamekaa tayari kwenye mizinga na sisi wapishi tumevaa mikanda ya kuokolea juu ya aproni, hawakuzungumza tena ila juu ya boti ndogo. Wote walikuwa na hofu moja: meli chakavu inayojipitisha kama ya kawaida, kumbe imejaa baruti, inakuja kujipigiza ubavuni kwako. Kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyeungua namna hiyo. Nilipakua wali huku nikisikia, "Wakisogea tunawalipua, basi, maswali baadaye," na anayesema hivyo alikuwa kijana mwenye chunusi ambaye jana yake aliniomba nimkaangie yai kama la mama yake.

Kaskazini mwa Ghuba tulikaa wiki nyingi tukizunguka mitambo ya mafuta, tunasimamisha meli za magendo na kuzikagua. Joto lilipenya mpaka kwenye unga. Siku ile, baada ya sala ya adhuhuri ambayo niliisali stoo kati ya magunia ya viazi, Chifu Reyes alinipa sinia la mikate ya nyama na birika la kahawa nipeleke juu kwenye chumba cha nahodha, kile chenye vioo pande zote ambamo meli inaongozwa. Watu wa juu walikuwa wamesimama tangu asubuhi hawajala. Nilipofungua mlango niliona migongo tu. Wote walikuwa wanatazama upande mmoja. Mbele yetu kulikuwa na meli ya mizigo ya chuma, ndogo, kutu tupu, bila bendera, inakuja. Haikuwa na mwendo wa kasi lakini haikusimama pia. Luteni Halloran alikuwa ameshika kipaza sauti cha redio, anarudia kwa Kiingereza: simamisha injini, simamisha injini, la sivyo tutafyatua. Mwingine alikuwa ameshairudia amri kwa Kiarabu kutoka kwenye kadi. Nahodha wetu, mtu mtaratibu ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alikuwa akisema kwa mtu wa mizinga, "Jiandae kupiga mbele yake. Akiendelea, piga usukani." Na redio ikakoroma, ikatoka sauti ya mwanamume iliyokauka.

"Musipige! Jamani, musipige! Tafadhalini!"

Nilidhani ni joto linalonichezea masikio. Niliwatazama wale watu, hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Kwao ile ilikuwa kelele tu, maneno ya adui.

"Anazungumza nini huyu?" Halloran akauliza. "Kiajemi?"

Mpishi hazungumzi pale. Mpishi anaweka chakula, anatoka. Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua. "Bwana, anasema msipige."

Wote waligeuka kwa pamoja. Nahodha alinitazama mimi, akatazama birika, akanitazama tena. "Unakielewa?"

"Ni Kiswahili, bwana. Ni lugha yangu. Huyu ni mtu wa pwani ya kwetu."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

Alimwashiria Halloran anipe kipaza sauti. Kilikuwa kimelowa jasho lake. Nililiweka sinia sakafuni, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, nikabonyeza.

"Halo, kaka! Nakusikia. Mimi naitwa Zuhura, natoka Tanga. Simamisha meli, kaka yangu, watapiga kweli."

Bahari iliendelea kupungua kati yetu.

"Ni nani wewe?" ile sauti ikauliza.

"Zuhura. Wa Tanga, Ngamiani."

"Urongo. Hiyo ni kanda mumetia."

"Si kanda. Niulize chochote."

Nilisikia watu wakibishana nyuma yake, kisha akarudi. "Hebu niambie. Asubuhi, na chai, wewe wala nini?"

"Maandazi," nikasema. "Wewe ni wa Mombasa, nasikia. Nyinyi ndio mwasema mahamri."

Akacheka. Naapa kwamba alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekata tamaa, na kwenye kile chumba cha vioo wanaume wenye darubini walishtuka kukisikia.

"Anasema nini?" nahodha akauliza.

"Anauliza kifungua kinywa, bwana."

"Mwambie asimamishe meli."

Nikamwambia. Akajibu haraka, nami nikatafsiri kila alipovuta pumzi. Jina lake Athumani. Hakuwa nahodha, alikuwa mtu wa kupaka grisi injini. Nahodha wao na msaidizi wake walikuwa wamechukua boti ya pekee wakakimbia jana walipoona manowari, wakawaacha watu sita hawana maji. Hakuna aliyekuwa anajua kuongoza meli. Walikuwa wanafuata jua. Na injini hawakuthubutu kuizima, maana hewa ya mitungi ya kuiwashia ilikuwa imekwisha, ikizimwa haiwaki tena, na mkondo utawapeleka kwenye mabomu ya majini ambayo kila mtu alisema yametegwa huko.

"Tukizima twafa, tusipozima mwatuua," akasema. "Tufanye nini, dada?"

Nahodha alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na sekunde chache, na mtu wa mizinga alikuwa bado anasubiri neno lake. "Mwambie ageuze usukani wote kushoto, aushikilie hapo hapo," akasema. "Azunguke. Asinijie. Akizunguka nitamwamini, nitatuma watu na maji."

Nilimwambia. Nikamwambia mara mbili, kwa sababu kwanza alikosea akasema kulia, nikapiga kelele, "Kushoto, kaka! Mkono usiolia chakula!" Ile meli ya kutu ilitulia kama inayofikiri. Kisha pua yake ikaanza kuondoka kwetu taratibu, tukauona ubavu wake wote, nguo zilizoanikwa, na mtu aliyesimama nje akipunga shati. Hakuna aliyeshangilia. Mtu mmoja alishusha darubini akasema jina la Mungu.

Wakati boti yetu ya wakaguzi inashushwa niliambiwa niendelee kuongea naye ili asibabaike. Akaniuliza Marekani nakaa wapi. Nikamwambia Texas.

"Texas? Dada yangu yuko Texas! Yuko Houston. Mwanasiti binti Omari. Wamjua?"

"Simjui, kaka. Texas ni kubwa."

"Mtafute. Mwambie niko hai. Hawajanisikia tangu mwaka jana."

"Nitamtafuta."

"Haya. Na wewe, mtoto wa Tanga, wafanya nini humo ndani?"

Macho ya watu wote yalikuwa juu yangu, ingawa hawakuelewa. "Napika," nikajibu. Halafu wakaguzi wakapanda kwenye meli yao, na redio ikakabidhiwa kwa wengine.

Injini yao ilizimwa na kweli haikuwaka. Meli ikavutwa hadi mahali meli zilizokamatwa zilipokuwa zikitia nanga, si mbali na pale tulipokuwa tukizunguka. Jioni ile Chifu Reyes alitoa sufuria kubwa akaniwekea mchele mbele yangu. Nilipika wali wa nazi ya kopo, nikatia kuku, na boti iliyokuwa inapeleka maji ikaupeleka. Lakini kwenye foleni ya chakula mambo yalikuwa yamegeuka. Wengine walinipiga begani. Wengine walinyamaza nilipofika. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Huyo ndiye anayeongea na wale," na neno "wale" lilikaa nami hadi kitandani. Mimi nilikuwa nani, wa hapa au wa kule? Kabla ya siku ile sikuwa nimejiuliza. Chifu Reyes naye alisikia. Kesho yake alinitoa nyuma akaniweka mbele kabisa kwenye dirisha la kupakulia, mahali ambapo kila mtu lazima anitazame usoni ndipo apate mkate. "Kaa hapa," akasema akiitazama sufuria. "Wakuzoee."

Wiki chache baadaye vita vilianza. Sisi wa jikoni tulijua kwa spika tu. Ilikuwa alfajiri, tunaandaa kifungua kinywa, tukaambiwa tushike kitu kilicho imara. Kisha meli nzima ikatetemeka kuanzia miguuni, sauti kama treni inayopita ndani ya ukuta, vifuniko vikaruka, sahani zikavunjika kwenye rafu. Halafu tena. Halafu tena. Mwanzoni watu walipiga mayowe ya furaha huko vichochoroni. Baadaye wakanyamaza, kwa sababu kitu kile kilikuwa hakiishi. Baadaye nilisikia makombora yalikuwa yamekwenda wapi, nchi ya watu wanaosali kama mimi na watoto wao wanaolala kama wa kwetu, na nikaendelea kupakua mayai, mwenye kutaka mawili nikampa mawili. Sijui watu wanataka niseme nini juu ya saa ile. Wengine kwenye mkutano ule wa Fort Worth wanaisimulia vizuri sana.

Tuliporudi Marekani nilipewa likizo, nikapanda ndege hadi Dallas. Mama mdogo alinipokea na kanga mpya na pilau. Nilikaa siku tatu kwenye lile zulia la rangi ya mchanga, nisiweze kulala bila sauti ya maji ukutani, nisiweze kukaa kwenye kiti. Niliosha vyombo visivyo vichafu. Mama mdogo akaniuliza nina nini. Nikamwambia habari za Athumani.

"Na umekaa hapa siku tatu?" akasema, tayari ameshika simu. Alimpigia mwanamke mmoja wa Lamu aliyekuwa akipika biriani za harusi Houston, ambaye hakuna Mswahili wa mji ule asiyewahi kula chakula chake. Kabla chai haijapoa tulikuwa na namba. Mama mdogo akanikabidhi ufunguo wa gari lake.

Mwanasiti alikaa kusini magharibi mwa Houston, ghorofa ya pili, katika majengo yenye ngazi za nje na harufu ya vyakula vya nchi kumi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee alikofanya kazi. Alikuwa ametandika meza: samaki wa kupaka, wali, kachumbari. Alinikaribisha kwa heshima zote lakini macho yake yalikuwa makali. Kwenye simu nilikuwa nimemwambia tu kwamba nina salamu.

"Salamu za nani?" akauliza kabla sijamega.

"Za kaka yako, Athumani."

Hakusogea. "Mdogo wangu, Athumani tumemsomea hitima. Mamangu amekaa eda ya mwanawe kama ya mumewe. Usinichezee."

Nikamweleza yote: meli, redio, usukani. Alisikiliza ameviweka viganja vyake juu ya meza. Nilipomaliza akasema, "Rudia alivyosema mara ya kwanza. Vile vile, usirekebishe."

"Alisema, jamani, msipige."

"Msipige au musipige?"

Nikafumba macho. "Musipige. Na akasema tafadhalini."

Hapo ndipo uso wake ulipovunjika. Alijifunika mtandio akalia kwa sauti, nami nilikaa na tonge mkononi nisijue nile au niliweke. Alipoweza kusema aliuliza jambo nililokuwa nimeliogopa njia nzima. "Hai lini?"

"Kabla ya vita. Mwezi wa pili."

"Sasa ni wa tisa, Zuhura."

"Najua."

"Basi umeniletea nini? Umemfufua nimzike tena?"

Sikuweza kukaa. Palepale niliomba simu yake nikampigia Luteni Halloran nyumbani kwake. Nilidhani atanikaripia. Badala yake akasema nimpe saa moja. Alipopiga tena alinitajia bandari ndogo ya Emirates ambako meli ile ilivutwa baada ya vita kuanza. Zaidi ya hapo hakujua. Asubuhi yake Mwanasiti aliomba ruhusa kazini, tukaenda bandari ya Houston, penye kituo ambacho mabaharia wa meli za kigeni huja kupiga simu na kunywa kahawa. Mchungaji mzee aliyekuwa akikiendesha alitusikiliza bila kutukatiza. Hakushangaa. Alisema meli kama ile zimejaa duniani, mwenye mali anapotea na watu wanabaki nangani mwaka, miaka miwili, hawana ruhusa ya kushuka. Ana mwenzake kule Emirates, akasema, tumpe siku kidogo. Sikurudi Arlington. Nililala kwenye kochi la Mwanasiti, nikamsaidia kupika, nikatembea kwenye maegesho yake mpaka majirani wakanizoea. Hakunilaumu tena, lakini kila simu ilipolia tuliigombania kama watoto.

Mchungaji alituita siku ya Ijumaa. Alikuwa ameshapiga, kipokezi cha simu kimelala mezani kinasubiri. Mwanasiti alikishika kwa mikono miwili. "Athumani?" akasema. Kisha akawa anaitikia kwa kichwa tu na machozi yanashuka, na sisi tuliosimama pale tukajua. Walikuwa bado ndani ya ile meli ya kutu, wote sita, karibu na gati wasiloruhusiwa kulikanyaga. Ilichukua miezi mingine kumtoa, na ni watu wa kituo kile waliomtoa. Alirudi Mombasa, akaoa, ana duka la vipuri, na hajapanda meli tena. Lakini siku ile, baada ya kuzungumza na dada yake, alitaka kuzungumza na mimi.

"Zuhura wa Tanga," akasema. Bila mkoromo wa redio sauti yake ilikuwa ya kijana, si mzee kama nilivyodhani. "Asante kwa kumtafuta dada yangu. Na asante kwa wali."

"Ulifika ukiwa wa moto?"

"Wa moto. Ulikosa chumvi." Tukacheka wote wawili. Halafu akasema, "Nataka kukwambia jambo. Ile alfajiri sisi tulikuwa papo hapo nangani. Twaswali nje, juu. Tukayaona makombora yatoka upande wenu, yapita juu yetu, yaenda bara. Moto mrefu nyuma yake. Hassan, mwenzetu mmoja, akaniuliza, yule dada wa wali yuko meli ile? Nikamwambia, naam, yuko."

Nilikibana kipokezi sikioni.

"Sikulaumu," akasema. "Mulitupa maji. Lakini nilitaka ujue, sisi tulikuwa tumekaa chini yake."

"Nimejua," nikasema.

"Haya. Nipe Mwanasiti."

Tulipokuwa tunarudi Mwanasiti aliendesha gari akiimba kwa pua, mara anacheka, mara anapiga usukani kwa kiganja. Tulifika mbali kabla hajagundua kwamba mimi sisemi. Akauliza kaka yake aliniambia nini. Nikamwambia. Aliacha kuimba. Tulisimama kwenye taa nyekundu, magari mbele na nyuma, joto la Houston linacheza juu ya lami.

"Na wewe saa ile ulikuwa wafanya nini?" akauliza.

"Nilikuwa nakanda unga wa mikate ya asubuhi."

Alifikiri. "Ukaumuka?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, na hakuna aliyeniuliza tena tangu siku ile. "Haukuumuka," nikasema. "Niliutupa wote baharini, nikaanza upya."

Taa ikawa ya kijani. Mwanasiti alikuwa bado ananitazama, na hakuondoa gari mpaka watu wa nyuma walipoanza kupiga honi.